Mche umehamishwa, jani limegeuka njano: njaa iko udongoni au mzizini?

Ukipeleka jani la njano kwenye duka la pembejeo, ni nadra kutoka mikono mitupu. Muuzaji ataligeuzageuza, atauliza ni zao gani, kisha atakuwekea mezani chupa ya busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani, au kilo ya urea iliyopimwa kwenye mfuko. Huenda akapatia. Lakini jani lililochumwa, likakunjwa kwenye gazeti na kupandishwa bodaboda, limeshapoteza karibu habari zote zinazohitajika: lilikuwa sehemu gani ya mche, lilianza kubadilika lini, miche ya jirani ilikuwaje, na chini ya ardhi kulikuwa na nini.

Hapa nitazungumzia miche ya mboga iliyotoka kitaluni na kupandwa bustani ya nje, hasa nyanya, maana ndiyo inayolimwa na karibu kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na ndiyo inayoonyesha dalili zake waziwazi kuliko mboga nyingine. Mengi yatafaa pia kwa hoho, bilinganya na kabichi. Hoja yangu kubwa ni hii: mche uliohamishwa karibuni ukionekana una njaa, mara nyingi chakula kipo udongoni, ila mzizi hauwezi kukifikia. Kumwaga mbolea juu ya mzizi wa namna hiyo huwa ni hasara, na wakati mwingine ndiko kunakoumaliza mche.

Siku ya kuhamisha

Mche wa nyanya huwa tayari ukifikisha wiki 4 hadi 5 hivi tangu kusia mbegu, ukiwa na majani halisi manne hadi sita. Ukiung'oa kwenye kitalu cha tuta, sehemu kubwa ya mizizi yake midogo hubaki hukohuko. Ile mizizi minene unayoiona ikining'inia kazi yake kubwa ni kushikilia na kusafirisha. Vinavyonyonya hasa ni vinyweleo vilivyo karibu na ncha za mizizi, vyembamba mno, na hivyo ndivyo vinavyokatika kwanza. Majani juu yamebaki yaleyale, jua ni lilelile, na maji yanaendelea kutoka kupitia majani kwa kasi ya jana. Matumizi yamezidi mapato.

Kwa hiyo mche hulala saa sita mchana na kuinuka jioni. Kwa siku chache za mwanzo hilo halina shida. Halina shida pia kuona yale majani mawili ya kwanza, membamba, yaliyotoka na mbegu yenyewe, yakigeuka njano na kuanguka, yamemaliza kazi. Jani moja au mawili ya chini yanaweza kufuata. Mche unajipunguzia mzigo mpaka mizizi mipya iote. Mwenye bustani anayekimbilia mbolea katika siku hizi anatibu mgonjwa asiyekuwepo.

Pa kutazama ni kileleni. Ikiwa kati ya siku ya 7 na ya 10 hivi kuna jani jipya linafunguka, la kijani safi na la ukubwa unaokaribia wa kawaida, mche umeshika, hata kama chini kumechakaa. Ikiwa wiki mbili zimepita na kilele kimesimama palepale, au jani jipya linatoka dogo, lenye rangi hafifu, hapo ndipo uchunguzi unaanza.

Miche ya trei ina habari yake. Inatoka na donge zima la kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, mizizi haikatiki sana, na wauzaji wa miche wako sahihi wanaposema inashika haraka. Lakini kokopiti yenyewe haina chakula cha maana. Mche ule ulikuwa unaishi kwa mbolea ya maji aliyokuwa akimwagilia mwenye kitalu. Ukichelewa kwenye trei kwa sababu mvua haijanyesha au mteja hajaja, huanza kufifia humohumo, na unapofika kwako unafika na njaa iliyopachikwa tayari. Tena mizizi inakuwa imeshajizungusha ndani ya donge na inaendelea kuzunguka hata baada ya kupandwa, wala haina haraka ya kutoka. Kosa jingine la trei ni kuacha sehemu ya juu ya donge ikiwa wazi. Kokopiti iliyo wazi hukauka upesi hata pale udongo unaoizunguka ukiwa na unyevu, na mche unakauka katikati ya bustani iliyomwagiliwa vizuri. Fukia donge kwa udongo wa unene wa kidole kimoja hivi na tatizo hilo linakwisha.

Halafu kuna mzizi uliokunjwa. Shimo limechimbwa fupi, mche umesukumwa kwa kidole, na ncha ya mzizi mkuu imebaki ikitazama juu. Kwa nje huoni kitu. Mche kama huo unaweza kudumaa mwezi mzima huku mwenzake wa pembeni, aliyepandwa siku hiyohiyo kwenye udongo huohuo, akitoa maua.

Jani gani limeanza?

Ukiridhika kwamba mshtuko wa kuhamishwa umepita, swali linalofuata lina thamani kuliko rangi yenyewe: dalili zimeanzia majani ya chini au ya juu?

Sababu ni namna mmea unavyogawana chakula chake. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zinaweza kuhama. Zikipungua, mmea huzitoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machipukizi, kama mzazi anayejinyima ili mtoto ale. Hivyo upungufu wa hizi nne huonekana kwanza chini. Kalsiamu, chuma, boroni na manganizi hazihami, au zinahama kidogo sana. Zikishajengwa kwenye jani zimefika. Zinapokatika, jani la zamani hubaki na fungu lake na lile changa linazaliwa maskini. Upungufu wake huonekana juu. Salfa na zinki ziko katikati, lakini kwa kawaida huanzia kwenye majani machanga.

Kanuni hii moja inaondoa nusu ya makisio. Mtu anayesema nyanya zake zimekosa chuma huku majani ya juu ni ya kijani kibichi na ya chini ni ya njano, anahitaji kuangalia tena.

Sasa rangi. Naitrojeni ikipungua, jani la chini hufifia lote kwa usawa, mishipa pamoja na nyama, kutoka kijani hadi kijani-njano hadi njano, na mche mzima unakuwa mwembamba wenye rangi iliyopauka. Naitrojeni ni sehemu ya protini na ya kijani chenyewe cha jani, kwa hiyo ikikosekana hakuna sehemu inayosalimika. Hii ndiyo njaa ya kweli inayotokea mara nyingi zaidi, hasa kwenye udongo wa kichanga wa Pwani na Dar es Salaam, ambako mvua kubwa au mpira wa maji ulioachwa wazi husafisha naitrojeni na kuipeleka chini isikofikika.

Magnesiamu iko tofauti. Jani ni la chini pia, lakini mishipa inabaki ya kijani na nyama iliyo kati yake ndiyo inayogeuka njano, kama ramani. Kwenye nyanya hii huja zaidi mmea unapoanza kubeba matunda, kwa hiyo ukiiona wiki ya pili baada ya kuhamisha, shuku kitu kingine kabla yake. Ramani hiyohiyo ikiwa kwenye majani ya juu, yaliyo machanga kabisa, huyo ni chuma, au manganizi. Katika hali mbaya ya kukosa chuma, jani changa hutoka karibu jeupe lenye mishipa myembamba ya kijani. Huwezi kulisahau ukishaliona.

Potasiamu huunguza kingo. Jani la chini hukauka pembeni, kahawia, huku katikati bado kijani. Hapo lakini kuna mtego: maji ya chumvi huunguza kingo vilevile, na visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi. Kabla ya kutafuta potasiamu, onja maji unayomwagilia, na tazama kama udongo ukikauka unabaki na unga mweupe juu.

Zambarau ya Lushoto

Fosforasi inastahili nafasi yake, kwa kuwa ndiyo inayohusiana zaidi na kuhamisha miche, na ndiyo inayopotosha watu wengi.

Mwezi wa Juni na Julai, kwenye miinuko kama Lushoto, Njombe na Mbeya, geuza jani la nyanya iliyohamishwa karibuni utazame upande wa chini. Mara nyingi utakuta zambarau kwenye mishipa, na wakati mwingine jani zima la chini limekolea. Vitabu vinasema hiyo ni dalili ya upungufu wa fosforasi, na vinasema kweli. Kilichopungua hapo, hata hivyo, ni fosforasi iliyo ndani ya mche. Udongoni inaweza kuwa tele.

Fosforasi haitembei udongoni. Naitrojeni ya naitreti husafiri na maji na kuufuata mzizi ulipo. Fosforasi hukaa pale ilipowekwa na mzizi lazima uifuate, kwa umbali wa milimita chache tu. Mche uliopoteza vinyweleo vyake hauwezi kuifuata. Ongeza baridi ya usiku, ambayo hupunguza kasi ya mizizi kukua, na hata udongo tajiri unakuwa meza yenye chakula asichokifikia mtu. Wiki mbili za jua zikirudi, mizizi ikitoka, majani mapya yanakuja ya kijani bila mtu kuweka chochote. Wale waliopulizia busta katikati ya wiki hizo mbili wataapa kwamba ndiyo iliyotibu.

Ndiyo maana mbolea ya fosforasi huwekwa kwenye shimo siku ya kupanda, chini ya mizizi au kando yake, ikatenganishwa kwa udongo kidogo. Mbolea ya kupandia ya DAP ina fosforasi asilimia 46 kwa hesabu iliyoandikwa kwenye mfuko wake na naitrojeni asilimia 18, na hiyo naitrojeni ikigusana na mzizi mchanga huuchoma. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, ni mpole zaidi na inafaa kwa udongo wenye tindikali, kwani tindikali ndiyo inayosaidia kuuyeyusha ule mwamba. Kwenye udongo wenye chokaa hufanya kazi polepole mno. Kutupia fosforasi juu ya udongo wiki ya tatu, baada ya kuona zambarau, ni kuilisha ngozi ya shamba.

Ongezea hili: kuna mbegu za nyanya ambazo mashina yake ni ya zambarau kwa asili. Linganisha na mche wa aina hiyohiyo ulioshiba kabla hujahukumu.

Chakula kipo, kimefungiwa

Ukiacha mzizi wenyewe, kuna mambo manne yanayofungia chakula udongoni.

La kwanza ni tindikali na chokaa, yaani kipimo cha pH, ambacho namba ikiwa ndogo tindikali ni nyingi. Nyanya hupenda kati ya 6 na 6.8 hivi. Kwenye miinuko yenye mvua nyingi, Bukoba, Rungwe, milima ya Usambara, udongo mara nyingi uko chini ya hapo. Ukishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, fosforasi hukamatwa, na kalsiamu na magnesiamu huwa haba. Koliflawa kwenye udongo wa aina hii hutoa majani membamba kama mijeledi, kwa kuwa molibdeni, kirutubishi kinachohitajika kwa kiasi kidogo kupita kiasi, hufungwa na tindikali. Mtu anayeweka NPK, mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, mwaka baada ya mwaka pale anahitaji chokaa ya kilimo kwanza. Upande wa pili, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, Unguja na kandokando ya pwani, pH huwa juu, na chuma, zinki na manganizi hufungwa. Huko jani changa la njano lenye mishipa ya kijani si ajabu, na aliyesikia kwamba majivu ni mbolea akayamwaga kwa ndoo amezidisha tatizo. Majivu yana potasiamu na kalsiamu na hupandisha pH. Naitrojeni hayana, iliondoka na moshi. Kwa mwenye bustani ya Njombe ni rafiki. Kwa mwenye bustani ya Paje, huko Unguja, ni hasara.

La pili ni maji. Udongo uliotuama maji hauna hewa, na mzizi usiopumua haunyonyi kitu, hata maji yenyewe. Mche hunyauka ukiwa umesimama kwenye tope, mwenye bustani anaona umenyauka, anaongeza maji. Nimeona bustani nyingi nzuri zikiuawa namna hii kuliko kwa kiangazi. Chimba kwa kidole kina cha sentimita 10 hivi kabla ya kumwagilia. Udongo ukishikana na kung'aa, weka ndoo chini.

La tatu ni samadi mbichi na pumba. Kinyesi cha kuku kilichotoka bandani wiki hii kina amonia na chumvi za kutosha kuchoma mizizi michanga. Takataka za mbao, maranda na pumba za mpunga zina shida ya kinyume: vijidudu vinavyozioza vinahitaji naitrojeni, na visipoipata kwenye maranda vinaichukua kwenye udongo, mbele ya mche wako. Maranda juu ya udongo kama matandazo hayana neno. Maranda yaliyochanganywa ndani ya shimo la kupandia yatakupa majani ya njano kwa wiki kadhaa.

La nne ni mbolea kugombana. Potasiamu ikizidi, magnesiamu na kalsiamu hupata shida kuingia. Fosforasi ikizidi, zinki na chuma hukosa nafasi. Bustani za mjini ambazo zimelishwa samadi na majivu ya jikoni kwa miaka mingi mara nyingi huugua kwa shibe. Dalili ni ya upungufu, chanzo ni wingi.

Niseme neno kuhusu kuoza kitako cha nyanya, maana linaulizwa kila msimu. Lile doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda ni kalsiamu kutofika kwenye tunda. Kalsiamu husafiri na maji, na tunda hupitisha maji kidogo kuliko majani, kwa hiyo siku maji yanapokatika na kurudi kwa wingi, tunda ndilo linalokosa. Udongo wenye kalsiamu ya kutosha utakupa doa hili ukimwagilia leo na kuruka siku tano. Maganda ya mayai yaliyopondwa na kuwekwa msimu huu hayataoza kwa wakati. Matandazo na ratiba ya maji ndivyo vinavyosaidia, pamoja na kuacha kurundika urea.

Wasio njaa

Sasa wale wanaokuja kwa sura ya njaa lakini si njaa. Hawa ndio wanaogharimu, kwa sababu hakuna mbolea inayowafaa.

Virusi vya rasta, kama wakulima wengi wa Tanzania wanavyoviita, vinavyoenezwa na nzi weupe, hukunja majani ya juu kwenda juu kama kikombe, kingo zikawa njano, majani yakawa madogo na mche ukadumaa. Upande wa chini wa jani unaweza kuwa na zambarau, na hapo ndipo mtu anaposema fosforasi. Dalili huchukua wiki 2 hadi 3 kujitokeza tangu mche uambukizwe. Maana yake ni kwamba mche ulioambukizwa kitaluni unaonekana mzima siku ya kuhamisha, kisha unaugua bustanini, na lawama inaangukia udongo wako. Tofauti na njaa, rasta haishiki kitalu kizima kwa usawa. Inapiga mche mmoja hapa, miwili pale. Pulizia chochote, jani halitanyooka. Ung'oe mapema, na msimu ujao funika kitalu kwa neti yenye matundu madogo.

Mnyauko wa bakteria huulaza mche ukiwa bado kijani, bila njano ya maana, na asubuhi hauinuki. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, ukining'inize kwenye glasi safi ya maji kiasi kwamba ncha iliyokatwa imezama. Subiri dakika chache bila kuitikisa. Ikiwa ni bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka kutoka kwenye shina. Hakuna kipimo rahisi zaidi ya hicho kinachotoa jibu la wazi kiasi hicho, na hakihitaji senti. Jibu likiwa ndiyo, usipande tena nyanya, bilinganya, hoho wala viazi mviringo pale kwa miaka kadhaa.

Minyoo fundo hukaa kwenye mizizi na kuifanya iwe na vinundu kama shanga. Mche juu unapauka, unanyauka mchana, unaonekana umekosa kila kitu, nao umekosa kweli, kwa vile mabomba yameziba. Usichanganye vinundu hivi na vile vya maharage, ambavyo ni vya faida na hubanduka ukivisugua. Nyanya haina vinundu vya faida. Ukiona vinundu kama shanga kwenye mizizi yake, shuku minyoo kwanza.

Utitiri mwekundu hutoboa jani na kulifanya liwe na vidoadoa vya njano vidogo kama vumbi. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, umepata jibu.

Na bomba la kupulizia. Dawa ya kuua magugu aina ya 2,4-D inatumika sana kwenye mahindi, na nyanya ni katika mimea inayoihisi kwa kiasi kidogo sana. Bomba lililopulizia mahindi, likasuuzwa mara moja na kisha kutumika kwa nyanya, linatosha. Majani mapya yanatoka membamba, yamejisokota, mishipa imekaa sambamba, na vikonyo vimepinda kwenda chini. Watu huita hiyo upungufu wa zinki au virusi. Uliza tu: bomba hili ni la nani, na jana lilifanya nini? Kwa mwenye bustani ndogo, kumiliki bomba lako la lita mbili ambalo halijawahi kuonja dawa ya magugu ni bima ya bei nafuu.

Kupima kabla ya kununua

Chagua mche mmoja mgonjwa, na ikiwezekana mmoja mzima, uing'oe kwa jembe dogo bila kuvuta. Osha mizizi kwenye ndoo ya maji. Watu wanasita kupoteza mche, ilhali hauna bei ya mfuko mmoja wa mbolea isiyohitajika. Mizizi myeupe inayotoka nje ya donge inasema mche unakula, kwa hiyo tafuta upungufu wa kweli. Mizizi ya kahawia inayochunika gamba ukiivuta inasema maji yamezidi au kuna uozo. Ncha zilizoungua zinasema mbolea iliwekwa karibu mno. Mzizi uliopinda, vinundu, donge lililozungushwa na mizizi, vyote hivyo vinaonekana kwa macho katika dakika tano.

Kisha tazama mpangilio wa bustani kutoka mbali. Njano iliyoenea sawasawa kwenye mstari mzima inaelekeza kwenye chakula au maji. Njano ya upande wa chini wa mteremko inaelekeza kwenye maji yaliyotuama. Mche mmojammoja ni ugonjwa au kosa la upandaji. Mstari wa mwisho tu, ule ulio karibu na mahindi ya jirani, na upepo wa jana ulitoka huko, unajua la kuuliza.

Ukibaki na dhana ya upungufu, ijaribu kwa sehemu. Kwa naitrojeni, weka CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kijiko cha chai kimoja kisichofurika kwa kila mche, kwa mduara ulio sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, fukia, mwagilia, na ufanye hivyo kwa nusu ya mstari tu. Nusu nyingine iache. Naitrojeni hujibu haraka, katika wiki moja au zaidi kidogo utaona tofauti kwenye majani mapya. Usitazame yale yaliyokwisha kuwa njano kabisa. Hayarudi, na wengi huongeza dozi ya pili kwa kuyasubiri. Kwa magnesiamu, yeyusha gramu 10 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) kwenye lita moja ya maji na upulizie miche michache jioni. Kwa chuma kuna njia nzuri zaidi: yeyusha salfeti ya chuma kidogo, gramu 5 kwa lita, chukua brashi ndogo na upake nusu ya jani changa lenye njano, nusu nyingine uiache. Siku chache baadaye, ikiwa kweli ni chuma, nusu iliyopakwa itaanza kuwa kijani, na jani litakuwa limekujibu lenyewe.

Busta zinazouzwa chupani zina virutubishi vingi kwa pamoja, na hilo ndilo tatizo lake katika uchunguzi. Mche ukipona hujui kilichouponya, na msimu ujao utanunua chupa nyingine. Baada ya kujua, zina kazi yake. Kabla ya kujua, ni kubahatisha kwa gharama.

Kwa udongo wenyewe, maabara zipo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha Mlingano mkoani Tanga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, na kwa walioko Kenya, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete. Chota udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kwenda mshazari bustani nzima, kina cha sentimita 20, ukwepe mahali palipochomewa taka au palipolala samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itaingiza zinki yake kwenye majibu. Anika kivulini, chukua kama nusu kilo, andika zao unalotaka kupanda na kila kitu ulichokwisha kuweka miaka miwili iliyopita, majivu yakiwemo. Fanya hivyo kabla ya kuweka samadi ya msimu, na mapema, kwa sababu majibu yake yatakufaa zaidi wakati wa kuandaa mashimo kuliko miche ikiwa imeshaanza kupauka. Chokaa hasa huhitaji kuwekwa wiki kadhaa kabla ya mche kufika.